Mnong'ono wa Mita Sita

Jumatatu, 2 Septemba

Shule imefunguliwa. Watoto wamewaletea walimu wao maua, mimi nimepewa ufunguo. Chumba cha nesi kiko chini ya ngazi, karibu na jiko, kinanuka kabichi. Kina mizani, kitanda, na kabati la kadi za afya za watoto mia mbili na kumi na wawili. Nimekipima kwa futi ya utepe: mita nne na robo kutoka ukuta hadi ukuta. Mwongozo wa upimaji unadai mita tano kwa macho na mita sita kwa masikio. Sijui Bibi Leokadia, nesi aliyenitangulia, aliwezaje humu kwa miaka thelathini na minne.

Dukani kwa mikate, dada muuzaji aliniuliza kama mimi ndiye nesi mpya. Nikasema ndimi. Akaziba sikio moja kwa kidole, akatamka, "Samaki, sitini na sita, msitu!" Foleni nzima ikacheka. Nikacheka nao bila kujua ninacheka nini.

Alhamisi, 5 Septemba

Mvua. Urefu na uzito, darasa la tano.

Jumatano, 11 Septemba

Bibi Leokadia alinitembelea na keki ya tufaha iliyokuwa bado moto. Anaishi ng'ambo ya barabara, alistaafu Juni. Alichagua kiti kilicholipa dirisha mgongo, akaniambia, "Wewe kaa pale, mwanangu, nikuone uso."

Tulipitia kabati pamoja. Hakufungua hata kadi moja. Aligusa tu majina: huyu huzimia akiona damu, huyu baba yake anakunywa, usimpime uzito Jumatatu kwa sababu Jumapili hapewi chakula cha maana. Nilitaka kuandika yote.

"Huo mwongozo wako," akasema akiukunja kama gazeti la jana, "uliandikwa na watu wasiojua harufu ya mtoto mwenye homa."

Alipoondoka nilikaa nikijilinganisha naye. Mimi nina shahada mbili na mikono baridi. Watoto hushtuka nikiwagusa.

Jumatano, 18 Septemba

Ukungu hadi saa sita mchana. Chawa, darasa la pili. Barua ishirini na nne kwa wazazi, bila majina, kama kanuni inavyotaka. Kufika jioni mji mzima ulikuwa unayajua majina.

Ijumaa, 27 Septemba

Macho, mgongo na shinikizo la damu, darasa la tatu. Masikio hayamo. Kwa mujibu wa mwongozo masikio hupimwa darasa la awali, kisha la saba, basi.

Mwalimu Renata wa darasa hilo alibaki mlangoni watoto walipotoka, fomu mkononi. Inamhusu Jagna Sobol, miaka tisa, anayelelewa na bibi yake kwa sababu mama yuko Ujerumani akiwatunza wazee wa watu.

"Mtoto mzuri, hana ubaya na mtu," Renata alisema. "Lakini ndani hamna kitu, Nesi. Ukimweleza anatabasamu, anasema ndiyo. Ukimwambia aandike, anaandika cha jirani. Nimejitahidi naye tangu darasa la kwanza, huu ni mwaka wa tatu."

Anataka kamati ya ushauri imhamishe hadi shule maalumu, kilomita arobaini kutoka hapa, bweni. Kamati inakaa tarehe 12 Desemba. Kwangu walihitaji mistari mitatu tu: macho, masikio, mgongo.

Macho niliyapima mwenyewe asubuhi. Anaona mpaka mstari wa mwisho. Alinitazama usoni muda wote, hata nilipokuwa namwonyesha chati. Kwa masikio nilifungua kadi yake, upimaji wa darasa la awali, mwandiko mzuri wa mviringo: "Kulia mita sita, kushoto mita sita. L." Nikanakili: kawaida. Nikaweka saini. Kunoa penseli kungenichukua muda mrefu zaidi.

Jumanne, 8 Oktoba

Kupiga meno mswaki kwa dawa ya floridi, darasa la tatu, kwenye mabomba ya ukumbi wa michezo. Nilisimama nyuma yao nikihesabu dakika, kisha nikasema, "Temeni, msimeze." Wote waliinama. Jagna aliendelea kusugua. Akatupa jicho kwa jirani, ndipo akainama.

Naandika hili kwa sababu limenikera siku nzima.

Jumatano, 16 Oktoba

Leo nimeandika kurasa tatu kisha nikazichana. Naanza upya, kwa utaratibu.

Masikio, darasa la awali. Kwa kuwa chumba changu ni kifupi niliomba ukumbi wa juu wakati wa vipindi, nikabandika utepe mwekundu sakafuni, mita sita. Mwongozo uko wazi: mtoto asimame ubavu, asikuone midomo, sikio la pili lizibwe, unong'one kwa pumzi iliyobaki baada ya kutoa hewa, maneno yabadilishwe kwa kila mtoto. Nilikuwa na orodha yangu.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa kiume mwenye pengo. Nikanong'ona, "Jiwe."

"Samaki!" akajibu kwa sauti ya ushindi.

Nikanong'ona, "Kijiko."

"Sitini na sita!"

Sikunong'ona neno la tatu. Nilikaa kimya kabisa, mdomo umefungwa. Akangoja kidogo, kisha akanisaidia: "Msitu."

Wa pili vilevile. Wa tatu alianzia msitu, akajirekebisha. Nikawauliza nani kawafundisha. Wakanishangaa. Dada. Mama. Kila mtu anajua, Nesi, ukienda kupimwa masikio unasema samaki, sitini na sita, msitu, unapewa peremende.

Bibi Leokadia alikuwa anatumia maneno matatu, yaleyale, kwa kila mtoto. Mji umeyakariri kama sala. Nimeambiwa huyasema hata harusini wanapogonga glasi, maana yake "sikilizeni." Hakuna aliyedanganya. Walimpenda tu, wakawaandaa watoto wao wasimwangushe.

Nilishuka nikafungua tena kadi ya Jagna. Mita sita na mita sita. Anatazama usoni. Anasema ndiyo. Anatema wenzake wakitema. Na chini ya fomu iliyokwisha kwenda kwenye kamati, saini ni yangu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mwalimu Mkuu, Bwana Ignacy, alinisikiliza akiwa anamwagilia maua ya dirishani.

"Darasa la tatu linapimwa masikio?"

"Kwa mwongozo, hapana. Lakini—"

"Idhini ya mzazi?"

"Ile ya mwanzo inahusu upimaji ulioorodheshwa tu."

"Basi." Akaweka chini kopo la maji. "Nesi Bogna, wewe ndiye uliyekuja hapa Septemba ukaniambia kanuni ni kanuni. Ukanifanya nihamishe kabati la dawa sentimita thelathini. Leo kanuni imekuwa nini?"

Nilimwambia nikipata idhini ya mama nitampima. Akasema mama yuko Ujerumani. Nikasema walio nje hurudi wote Novemba mosi, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nilikwenda kwa Bibi Leokadia. Televisheni yake niliisikia tangu barabarani, nikadhani ana wageni. Nikabonyeza kengele mara nne. Nilimwona dirishani akimenya viazi, kichwa hakikuinuka. Mpaka nilipopita mbele ya kioo nikapunga mkono ndipo alipofungua.

Nikamuuliza bila mzunguko: kwa nini maneno yaleyale?

"Watoto walikuwa wanaogopa," alisema. "Neno unalolijua halitishi."

"Lakini kipimo chake kinakuwa cha nini, Bibi?"

"Cha nini?" Uso wake ulibadilika. "Mimi nilikuwa namjua kila mtoto, binti. Wewe unajua urefu wa ukumbi."

Nilipofika getini nikamwita, nikamwomba radhi kwa namna nilivyoanza. Alikuwa ametoka uani, amenigeuzia mgongo, anaokota majani. Hakujibu wala hakugeuka. Nikaona ni kiburi. Nimekuja na hasira zangu nyumbani na bado ninazo. Nilimpenda upesi mno, na sasa namchukia upesi uleule.

Ijumaa, 1 Novemba

Makaburini. Baridi kavu, mishumaa kila mahali, watu wamevaa makoti mapya. Nilimtafuta mama yake Jagna, Ilona, nikamkuta akisugua jiwe la kaburi la baba yake kwa brashi ya sahani. Jagna alikuwa anapanga maua ya krisanthemumu. Hapakuwa mahali pa kuzungumzia fomu, lakini kesho kutwa anarudi Ujerumani.

Nilimweleza kila kitu, pamoja na saini yangu. Alisugua mpaka mwisho.

"Nilimfundisha mwenyewe," akasema. "Njiani, siku ile ya kupimwa. Nilimshika mkono, tukawa tunaimba samaki, sitini na sita, msitu mpaka mlango wa shule. Hata mimi Mama Leokadia alinipima kwa hayohayo." Kisha akainuka. "Jagna alikuwa anaumwa masikio kila baridi, Nesi. Kila baridi. Nikasema si amepimwa?"

Tukamtazama Jagna. Ilona akamwita kwa sauti ya kawaida, hatua saba hivi kutoka pale, mtoto akiwa ametupa mgongo. Akamwita tena. Mwanamke wa kaburi la tatu aligeuka.

Akatia saini idhini juu ya jiwe la baba yake, palipokuwa pameshakauka.

Jumanne, 5 Novemba

Ukumbi wa juu, kipindi cha tatu, utepe mwekundu. Mwalimu Renata nilimwomba awe shahidi.

Jagna alisimama ubavu kama nilivyomwonyesha, pamba sikioni. Kwa mita sita nilinong'ona neno. Akangoja, akasema, "Samaki." Mita tano, "Sitini na sita." Mita nne, "Msitu." Mita tatu alirudia samaki, sasa kwa sauti ya kuuliza. Kila mara alijaribu kunigeukia kwa pembe ya jicho, na kila mara Renata, aliyekuwa amesimama mbele yake, alimrudisha kidevu taratibu.

Sikio la kulia alisikia kwenye mita moja. La kushoto, nusu mita.

Tulipomaliza akauliza, "Nimepata ngapi?"

Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia hakuna maksi. Alinisoma midomo, akatabasamu, akasema ndiyo.

Renata alibaki dirishani. "Miaka mitatu," alisema. "Mimi husoma imla nikitembea nyuma ya madawati. Ili wasiibiane."

Jumatano, 6 Novemba

Renata amemhamishia Jagna dawati la mbele. Imla ameisoma akiwa amesimama. Makosa tisa. Wiki iliyopita yalikuwa thelathini na moja.

Alhamisi, 14 Novemba

Daktari wa masikio mkoani ametupa nafasi: 21 Januari. Kamati inakaa 12 Desemba. Mwezi na zaidi unakosekana, na mtoto atakuwa bweni kabla ya sikio lake kuangaliwa.

Njia iliyobaki ni kurekebisha fomu. Marekebisho yanahitaji saini yangu na ya Mwalimu Mkuu. Nimempelekea. Amesema aachiwe afikirie.

Ijumaa, 22 Novemba

Anafikiri bado. Mvua ya barafu.

Jumatano, 27 Novemba

Theluji ya kwanza, mpaka vifundoni. Saa mbili asubuhi Bibi Leokadia alikuwa anavuka kuja upande wa dukani, kikapu mkononi. Nyuma yake trekta la kusukuma theluji lilikuwa linateremka kilima. Dereva akapiga honi. Akapiga tena, kwa muda mrefu, mbwa wa barabara nzima wakaanza kubweka. Yeye alitembea taratibu, katikati ya barabara, akitazama anapokanyaga.

Nilimkimbilia nikamvuta mkono wa koti. Trekta likapita. Alilitazama likienda, kisha akanitazama mimi, na akajua kwamba nimejua.

Nilihakikisha nimesimama mahali pa mwanga. "Tangu lini, Bibi?"

"Ile homa ya uti wa mgongo," alisema. "Miaka ishirini na tatu. Kwanza upande mmoja. Halafu na mwingine ukaona wivu."

"Na watoto?"

"Kunong'ona niliweza. Kusikia walichojibu ndiyo sikuweza." Theluji ilikuwa inamwangukia kwenye kope na hakuipangusa. "Nikachagua maneno matatu ambayo midomo yake haifanani. Nikayazoea. Nikawageuza watoto wanitazame. Nilijiambia ni mwaka mmoja tu, mpaka nipone. Nani angemwacha nesi kiziwi apime masikio, mwanangu? Na mimi nilikuwa na kazi gani nyingine?"

Akauliza ninataka nini kwake. Nikasema sitaki kitu. Ulikuwa uongo, naye alikuwa na haki ya kuusoma midomoni mwangu.

Wiki sita nimekuwa nikiandika humu kwamba yeye alikuwa na uzembe na mimi nina makini. Yeye alificha kwa miaka ishirini na tatu kitu alichokiogopa. Mimi nilinakili neno moja bila hata kuogopa.

Jumanne, 3 Desemba

Mwalimu Mkuu amekataa.

"Unajua unaloniomba?" alisema, na safari hii hakuwa na kopo la maji mkononi. "Nikisaini hii, nimesema kadi zote za Mama Leokadia ni karatasi tupu. Mia mbili hapa, na wote waliokwisha kumaliza. Wazazi watanijia mlangoni. Na kwa ushahidi gani? Mnong'ono wako dhidi ya mnong'ono wake."

Nikamwambia yupo shahidi, Mwalimu Renata.

"Renata ndiye aliyeandika kwamba mtoto hana akili. Leo anasema hana masikio. Kesho?"

Ningeweza kumwambia nilichokiona kwenye theluji. Nilifika mpaka neno la kwanza, nikalimeza. Siri ile si yangu. Nimerudi chini ya ngazi, nimekaa mbele ya kabati, na sijui kama nilichokifanya ni heshima au ni woga.

Ijumaa, 6 Desemba

Siku ya Mtakatifu Nikolasi. Baba wa mtoto mmoja alikuja na ndevu za pamba kugawa machungwa na biskuti za tangawizi, watoto wakamtambua kwa viatu.

Saa nne Bibi Leokadia aliingia shuleni amevaa koti lake jeupe la kazi, limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Watoto walimkimbilia. "Samaki! Sitini na sita!" Aliwapapasa vichwa, akapita, akapanda ngazi moja kwa moja hadi ofisi ya Mwalimu Mkuu. Akanifanyia ishara nimfuate.

"Bwana Ignacy," akasema, "njoo ukumbini. Nesi anipime."

"Mama Leokadia, kaa kwanza, chai—"

"Njoo ukumbini."

Utepe mwekundu ulikuwa bado sakafuni, umechafuka kwa viatu. Akasimama ubavu kwenye alama bila kuelekezwa, akaziba sikio la mbali, akatazama ukuta. Mwalimu Mkuu alikuwa kando yangu. Nilitoa hewa, nikanong'ona, "Mkate."

Hakujibu. Nikasogea. Mita tano, nne, tatu. Kwa mita mbili niliacha kunong'ona, nikasema kwa sauti ya kuzungumza. Kwa mita moja nilisema hivyo tena. Kutoka darasa la chini tulisikia watoto wakimwimbia yule mwenye ndevu. Yeye alisimama wima kama askari, macho ukutani, akingoja.

Mwishowe, kwa sababu hapakuwa na kilichokuja, akasema kwa sauti kubwa kupita kiasi, ya mtu asiyeisikia mwenyewe: "Samaki. Sitini na sita. Msitu." Akageuka. "Hivyo ndivyo walivyonijibu, Ignacy. Wote. Na wanao wawili pia."

Uso wa Mwalimu Mkuu ulikuwa mwekundu. Alijaribu kusema kitu akiwa ameinamisha kichwa.

"Inua uso," akamwambia. "Ukiinama sikupati."

Akainua. "Nasema, nipeni hiyo fomu."

Bibi Leokadia hakukaa kunywa chai. Ngazini alinishika mkono, akasema mikono yangu ni baridi, niwe naisugua kabla ya kugusa watoto.

Jumatatu, 9 Desemba

Dukani hakuna aliyetamka yale maneno matatu. Dada muuzaji aliuliza tu kama nitapima watu wazima pia. Nimeanza kuzipitia kadi zote upya, watoto watano kwa siku, kadiri idhini za wazazi zinavyorudi. Maneno huwa nayachota kwenye sanduku la viatu. Watoto wa darasa la sita ndio walioyaandika kwenye vikaratasi, na mengine nimelazimika kuyatoa.

Alhamisi, 12 Desemba

Kamati imeahirisha uamuzi hadi majibu ya daktari. Jagna anabaki darasani kwake.

Jumatatu, 16 Desemba

Kadi thelathini zimekwisha. Mmoja mwingine, wa darasa la sita, sikio moja. Mama yake hakuja mlangoni kwa hasira. Alikuja akauliza afanye nini.

Ijumaa, 20 Desemba

Siku ya mwisho ya muhula. Darasani meza zimeunganishwa, vitambaa vyeupe, supu nyekundu ya bitiruti kwenye vikombe, na kaki ile ya Krismasi, mkate mkavu mwembamba kama karatasi, ambayo kila mtu humvunjia mwenzake akimtakia heri. Bibi Leokadia alialikwa, akakaa mwanga ukiwa nyuma yake. Watoto walipanga mstari mbele yake na kusema heri zao polepole, midomo wazi. Renata aliwafundisha.

Jagna alikuja kwangu na kipande chake. Nilianza kuzunguka ili nimkabili, kama tunavyofanya sote siku hizi. Akanizuia kwa mkono.

"Usisogee, Nesi. Sema ukiwa hapohapo." Akanigeuzia ubavu, akaziba sikio kwa kidole chenye makombo ya kaki.

Nikamnong'onezea heri yangu. Ilikuwa ndefu kidogo. Nilimwona akitafuta, uso ukianza lile tabasamu la kusema ndiyo. Lilifika nusu, likasimama.

"Sijasikia," akasema.

Renata, aliyekuwa anagawa supu, aliacha upawa hewani. Miaka mitatu darasani kwake, na hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kwa mtoto huyu.

Nikamwambia asante. Kisha nikapita mbele yake, mahali penye mwanga, nikarudia yote tangu mwanzo.

Jioni, kabla ya kufunga chumba, nilichukua kadi yake. Juu ya mwandiko wa mviringo nimepiga mstari mmoja, usiofuta kilichoandikwa, kama kanuni inavyotaka. Pembeni, kwa wino mwekundu: "Kulia mita moja, kushoto nusu mita." Chini yake tarehe na jina langu lote, Bogna Wierzba, ili atakayefungua kabati hili baada yangu ajue wa kumuuliza.